Mahari na Harakati za Wanawake: Mfano wa Tororo na Busia

Mwaka 1970 ilichapishwa Marekani makala ya Carol Hanisch iliyoeneza hoja kwamba mambo ya nyumbani ni mambo ya siasa. Mpakani mwa Uganda na Kenya, miongoni mwa Wapadhola, Wateso na Wasamia wa Tororo na Busia, hoja hiyo inaeleweka vyema kwa mfano wa mahari.

Kwa mila, ndoa ilipovunjika mume aliweza kudai ng'ombe wake. Mara nyingi ng'ombe hao walikuwa wamekwisha kutumika kumwolea kaka mke. Binti aliyerudi kwao na alama za kipigo aliambiwa avumilie, kwa kuwa wazazi hawakuwa na cha kurudisha.

Shirika la MIFUMI, lenye chimbuko lake katika kijiji cha Mifumi wilayani Tororo, liliwasikiliza wanawake hao mmoja mmoja, likatambua kwamba tatizo lao lilikuwa moja. Mwaka 2001 iliendeshwa kura ya maoni wilayani humo kuhusu mahari, na mwaka 2007 ikafunguliwa kesi. Mahakama ya Katiba iliikataa mwaka 2010. Katika rufaa, tarehe 6 Agosti 2015, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahari yenyewe haipingani na Katiba, ila desturi ya kudai irudishwe ndoa inapovunjika inavunja usawa wa mume na mke uliomo katika ibara ya 31. Ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatosheka na mahari kidogo tu ya ishara kuthibitisha ndoa ya kimila.

Sisi walimu wa lugha tuna la kujiuliza hapa. Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Tunapowaita kwa jina hilo ng'ombe wanaopewa baba, tunaficha tofauti kubwa. Kwa upande mwingine, katika kesi ya Amkeyo ya mwaka 1917, Jaji Mkuu Hamilton aliiona ndoa ya kimila kuwa ununuzi wa mke, na mahakama ikakataa kumtambua mwanamke huyo kuwa mke.

Hukumu ya 2015 imefuta deni la ng'ombe. Hata hivyo, binti anapobisha hodi usiku, anayefungua mlango ni baba au kaka, wala si jaji. Mabadiliko ya sheria hukamilika hapo.