Simu ya Upepo ya Ridhaa

Neno redio, tangu lilipoingia katika lugha yetu, limekaa katika fikira za watu kuwa ni chombo cha kusikilizia, kisemacho bila ya kungoja jawabu. Na kwa hivyo mtu amwambiapo fundi wa umeme wa magari amfungie redio katika dashibodi, fundi huyo, ambaye aghalabu kazi yake ni kuzing'oa redio zilizokuja na magari ya Japani, ambazo masafa yake ya FM mara nyingi hukomea megahezi 90 ilhali stesheni zetu huendelea hata 108, hana kosa akidhani kwamba anatakiwa kung'oa moja na kutia nyingine. Kumbe chombo kilichokusudiwa huenda kikawa kingine kabisa, chenye sikio na ulimi pamoja, ambacho mwenye gari husemea na wenziwe walio mbali akajibiwa. Na kukosekana kwa jina bayana ndiko kunakokifanya chombo hiki kipewe waya wa kile, kisha kikalaumiwa kwa kutofanya kazi.

Tofauti baina ya kusikia na kujibu si ndogo. Polisi wa mji wa Detroit, Marekani, walipoanza mwaka 1928 kupelekewa amri kwa redio wakiwa garini, waliweza kusikia tu, na askari aliyekuwa na habari ya kutoa alilazimika kusimamisha gari akatafute simu ya waya. Ndipo mwaka 1933 polisi wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, wakapata magari yenye chombo cha kusikia na kusema. Kupokea mawimbi si kazi nzito, ama kuyarusha kunataka umeme wa kutosha, antena ya kipimo maalumu na idhini ya serikali.

Basi chombo hiki tukiite nini? Wako wasemao redio ya njia mbili, nao wamefasiri neno kwa neno. Lakini aliyewahi kukishika anajua kwamba aghalabu njia ni moja, yaani masafa yale yale, nayo hupitwa kwa zamu: abonyezaye kitufe husema, mwenziwe hungoja, na wakibonyeza wote wawili kwa pamoja hawasikilizani. Wako pia wasemao redio koli, jina lililozoewa na askari na walinzi, nalo lafahamika, ila halimwelezi kitu asiyelijua. Mimi nachagua jina la simu ya upepo. Asili ya simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya fedha, na kadhalika waya. Na kwa waya hasa ndivyo simu ilivyofika Unguja mwaka 1879, ikipita chini ya bahari kutoka Aden. Baadaye maana ikahama kutoka kwenye waya ikaenda kwenye mazungumzo yenyewe, hata leo hapana aonaye ajabu kuwa na simu isiyo na waya mfukoni. Atakayepinga kwamba mawimbi hayachukuliwi na upepo, kwa kuwa hupita hata pasipo hewa, asema kweli. Lakini huyo huyo husema kwamba matangazo yako hewani, wala hatumkosoi.

Limebaki neno la kumtofautisha mwenye chombo hiki na polisi au dereva wa kampuni. Kanuni za kimataifa za redio zinamweleza kuwa ni mtu aliyeidhinishwa, apendaye ufundi wa redio kwa nafsi yake pasi na tamaa ya fedha. Mabondia wasiolipwa tumekwisha kuwaita wa ridhaa, na neno hilo lafaa hapa kuliko pale, kwa sababu ridhaa ni nafsi kuwa radhi bila ya ujira, na ridhaa ni ruhusa ya mwenye mamlaka. Masharti yote mawili ya kanuni yamo ndani yake. Aliyepata ruhusa hiyo hupewa alama ya mwito, ianzayo kwa 5H nchini Tanzania, 5Z Kenya na 5X Uganda, naye sharti aitaje arushapo sauti yake.

Ama kufunga kwenyewe, tundu la redio katika dashibodi, kwa kipimo kilichokubaliwa ulimwenguni, lina upana wa milimita 180 hivi na kimo cha milimita 50 hivi, na simu za upepo nyingi za gari huenea humo. Lakini hoja si nafasi, hoja ni joto. Chombo kirushacho wati 50 hula ampea 10 au zaidi, na zaidi ya nusu ya umeme huo hugeuka joto katika mapezi ya alumini yaliyo mgongoni mwake, hata kikifungiwa pasipo hewa kitachemka. Kwa ajili hiyo hupendelewa chombo ambacho uso wake hutengana na kiwiliwili, uso ukakaa dashibodini, kiwiliwili kikalazwa chini ya kiti.

Umeme wake usichukuliwe katika waya mwembamba wa redio ya kusikilizia, bali betrini kwenyewe kwa waya mnene, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Kwani waya huo hupenya ukuta wa chuma utengao injini na abiria, na tundu likikosa pete ya mpira, makali ya bati hulila ganda la waya kidogo kidogo kila gari litikisikapo, mpaka siku upige shoti, na fyuzi iliyo mbali haitauokoa waya ulio nyuma yake. Lori la volti 24, fauka ya hayo, lisiunganishwe moja kwa moja na chombo cha volti 12.

Antena nayo ina hesabu yake. Kwa masafa ya megahezi 144 hadi 146, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 2 hivi, ufito wa robo ya wimbi huwa nusu mita, yaani dhiraa moja na ushei, nao husimamishwa katikati ya paa, kwa sababu bati la paa ni nusu ya pili ya antena. Wala mtu asibonyeze kitufe cha kusemea kabla antena haijaungwa, kwani nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani ikaunguza chombo.

Alhasili, istilahi njema ya ufundi ni ile imfanyayo asikiaye aulize yapasayo kuulizwa. Fundi aambiwaye afunge redio huuliza spika ziko wapi. Aambiwaye afunge simu ya upepo ya ridhaa atauliza betri ni ya volti ngapi, antena itasimama wapi, na ruhusa imetolewa kwa jina la nani.