Wekeo la Amana

Kashuga, huko Masisi katika Kivu, mali huwekwa depo. Neno ni la Kifaransa na limeshakuwa letu: depo ya dawa, depo ya vinywaji, depo ya madini. Ila depo ya Kivu ni ya mfanyabiashara, na kilichomo kinangoja mnunuzi. Neno ninalolitafutia tafsiri, depository la Waingereza, ni mahali pa kutunzia, na hapo depo haitoshi.

Ghala? Asili yake ni neno la Kiarabu la mazao ya shamba, na mimi bado naisikia nafaka ndani yake, ingawa limezoea kubeba hata silaha. Bohari imepata heshima Tanzania, ambako Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria mwaka 1993. Stoo ni chumba tu.

Hazina inanifurahisha zaidi. Magazini, ambayo kwa Mkongo ni duka, imetoka Kifaransa, nao Wafaransa waliipata kwa Waarabu, katika mzizi uleule uliotupa hazina. Ndugu wawili wamefika Kivu kwa njia mbili, mmoja anauza, mwingine anaficha!

Hifadhi ingefaa sana, lakini Serengeti na wanyama wake wamekwisha kuikalia. Kwa hati, Wakenya wana makavazi, neno zuri linalostahili kuvuka mipaka.

Linabaki amana, nalo ndilo ninalolitetea. Ni ndugu wa amini, imani na uaminifu. Mama anayekimbia mapigano akamwachia jirani gunia la maharage hakuweka stoki, ameweka amana. Gunia lingali lake, hata akikaa kambini miezi. Jirani akilifungua akapika, amekula amana, na Kiswahili kina jina lake: haini. Depo haina neno kama hilo, kwa sababu haidai ahadi yoyote kati ya watu wawili.

Amana, basi, ni kitu kinachowekwa. Mahali pake napendekeza wekeo, kutoka kuweka: wekeo la amana. Ni jepesi ulimini na halihitaji kufafanuliwa kwa bibi wa Kashuga wala karani wa Goma.

Nyinyi mnaoandika vibao vya kambini na ripoti za misaada, depo waachieni wafanyabiashara. Panapotunzwa chakula cha kugawiwa, andikeni ghala. Panapotunzwa mali ya mtu atakayeirudia, andikeni wekeo la amana.