Ua lililoandikwa vibaya

Kuna wakati niliandika habari ya mafuriko katika kijiji cha Mbingu, kule Kilombero, gazetini ikatoka Mbinga. Msomaji mmoja akapiga simu kuuliza ni lini kijiji chao kimehamishiwa Ruvuma. Tulicheka, tukaomba radhi, yakaisha. Kisa hicho nimekikumbuka wiki hii nilipokuwa nasoma historia ya ua moja la porini la Marekani. Huko kosa la namna hiyohiyo liliingia kwenye mkataba wa serikali, na hakuna aliyeomba radhi.

Ua hilo ni la jenasi ya Camassia, yenye aina sita, zote za Amerika Kaskazini. Juu ya ardhi utaona maua ya buluu yenye umbo la nyota, na chini kuna tunguu kama kitunguu kidogo. Walowezi waliliita camas, jina walilolichukua kwa wenyeji. Najua mnacheka. Nitaliacha kwa herufi zake za kigeni, maana nikiongeza "i" mwishoni tutaanza kuzungumzia mafua.

Kwa wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, camas ilikuwa chakula hasa. Kazi ilikuwa ya akina mama. Walichimba matunguu kwa vijiti vyenye ncha, wakayapanga kwenye shimo lenye mawe ya moto, wakafunika kwa majani na udongo, wakasubiri siku moja, mbili, hata tatu. Bila hivyo tumbo haliyawezi, kwa sababu wanga wake, inulini, hausagiki. Moto wa polepole huugeuza kuwa sukari, na tunguu linatoka jeusi na tamu kama kiazi kitamu kilichookwa. Kisha lilikaushwa na kutunzwa kwa ajili ya majira ya baridi. Jingine walilolijua akina mama ni kwamba katika nyanda hizohizo huota mmea mwingine wenye maua meupe-manjano na tunguu linalofanana, ila ni sumu ya kuua. Wakati wa maua ndio ulikuwa wakati mzuri wa kutofautisha na kung'oa ule mbaya.

Wapelelezi Lewis na Clark walifika nyanda za Weippe, Idaho, Septemba 1805, wakiwa na njaa kali. Wanez Perce wakawalisha samaki na camas. Walikula bila breki, matumbo yakawachafuka. Juni mwaka uliofuata Lewis aliandika kwamba uwanda uliochanua, ukiutazama kwa mbali, ungedhani ni ziwa la maji maangavu.

Sasa tuje kwenye mkataba. Julai 1868, huko Fort Bridger, serikali ya Marekani ilikubaliana na Washoshone na Wabannock. Chifu Taghee wa Wabannock alitaja nchi waliyoitaka: Portneuf na uwanda wa Camas, kusini mwa Idaho, walikochimba chakula chao. Mkataba uliposainiwa ulisomeka "Kansas Prairie". Kansas iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo! Andika "Kamas" kwa mkono, halafu tazama jinsi "m" inavyokaribia kuwa "ns". Karani hata simlaumu sana.

Ninaowalaumu ni waliokaa na kosa hilo miaka kumi. Wabannock walipelekwa hifadhi ya Fort Hall, uwanda wa Camas ukabaki nje ya mipaka yao. Waliendelea kwenda kuchimba kila mwaka, kwani mgawo wa chakula hifadhini haukutosha. Walowezi nao wakaleta ng'ombe na nguruwe uwandani. Nguruwe anafukua. Alichokuwa akifukua ndicho watu walichokitegemea wakati wa baridi.

Mwishoni mwa Mei 1878 wachungaji wawili wa kizungu walipigwa risasi na kujeruhiwa pale uwandani. Vita vikaanza. Chifu Buffalo Horn, aliyewaongoza wapiganaji, mwaka mmoja tu kabla alikuwa skauti wa jeshi hilohilo chini ya Jenerali Howard. Aliuawa Juni. Kufikia vuli vita vilikwisha, Wabannock wakarudishwa Fort Hall. Wapaiute, ambao baadhi yao walijiunga na vita na wengine hawakujiunga, waliswagwa wote pamoja hadi Yakama katika baridi ya Januari 1879.

Kuna wanaosema neno moja ndilo lililoleta vita. Mimi sikubali moja kwa moja. Watu walikuwa na njaa, na ardhi ingetamaniwa hata kama mkataba ungeandikwa vizuri. Ila jina lingekuwa sawa, Wabannock wangekuwa na karatasi ya kuonyesha waliposema eneo lile ni lao. Walichokuwa nacho ni karatasi inayotaja Kansas.

Washoshone na Wabannock bado wako Fort Hall. Uwanda nao bado huchanua buluu kuelekea mwisho wa Mei, karibu na mji wa Fairfield. Mwaka 1917 eneo hilo lilifanywa wilaya, likapewa jina rasmi: Camas. Safari hii waliliandika sawasawa.