Nambari ya siri pekee haitoshi kulinda pesa za simu

Baada ya M-Pesa kuanzishwa nchini Kenya Machi 2007, mteja aliyeenda kwa wakala mjini Eldoret (jiji tangu Agosti 2024), kama kwingineko, alikuta daftari likimngoja. Humo ziliandikwa jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi cha fedha, kisha akatia sahihi. Habari za waliomtangulia zilikuwa papo hapo juu ya zake, wazi kwa mwenye macho.

Tapeli hahitaji nambari ya siri ili kuanza kazi. Akishapata jina na kitambulisho, hupiga simu akijifanya mhudumu wa kampuni. Anayesikia habari zake zikitajwa bila kosa huamini, na nambari ya siri huitoa mwenyewe. Wengine huzitumia kubadilishia laini, na simu ya mwathiriwa hukosa mtandao ghafla huku akiba ikihamishwa. Dalili hiyo haifai kupuuzwa hata kwa saa moja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtaka anayekusanya habari za watu asichukue zaidi ya zinazohitajika. Dukani, kulipa kupitia Lipa na M-Pesa badala ya kumtumia muuzaji pesa kwenye simu yake huficha sehemu ya nambari ya mnunuzi. Katika ununuzi wa intaneti, nambari ya siri huandikwa kwenye simu ya mnunuzi pekee, kamwe si kwenye tovuti. Aliyetuma pesa kimakosa hupeleka ujumbe wa malipo kwa nambari 456, kabla mpokeaji hajazitoa. Matapeli huripotiwa kwa 333.