"Malaika": Wimbo Unaojulikana na Wote, Mtunzi Anayebishaniwa

Kila tunapoupiga wimbo wa "Malaika" hewani, ujumbe huanza kuingia kwenye simu ya studio. Msikilizaji wa Ukerewe anasema ni wimbo wa Miriam Makeba. Wa Sengerema anasema ni wa Wakenya. Mwingine wa Magu anasisitiza kwamba ni wa Mtanzania na tumeibiwa.

Rekodi iliyoutangaza ilifanyika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwimbaji alikuwa Fadhili William, Mtaita wa Kenya aliyezaliwa mwaka 1938, akiwa na kundi la Jambo Boys, na santuri ikatolewa na kampuni ya Equator. Ni magita na sauti ya kijana anayelalamika taratibu: anampenda binti, anataka kumwoa, lakini fedha hana. Huku Usukumani, ambako mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, hakuna anayehitaji kufafanuliwa shida hiyo.

Kisha wimbo ukavuka bahari. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy. Ndiyo maana wengi wanadhani ni wake. Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Sweden lilivuma nao nchini kwao; mpiga kinanda wao, Benny Andersson, baadaye alikuwa mmoja wa ABBA. Boney M wakautia midundo ya disko mwaka 1981, na wazee waliocheza dansi miaka hiyo hawajausahau. Angélique Kidjo wa Benin naye akaurekodi katika albamu yake ya Logozo, 1991. Kwa masikio yangu, bado hakuna aliyemfikia Fadhili, ingawa najua wapenzi wa Makeba watanipigia simu.

Sasa, nani aliutunga? Fadhili alisema ni yeye, na jina lake ndilo linaloandikwa mara nyingi zaidi kwenye santuri. Lakini wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim. Inasimuliwa kwamba aliutunga mwaka 1945 akiishi Nairobi, kwa ajili ya binti aliyempenda ambaye wazazi walimkatalia, akaozwa kwa mtu mwenye mali. Grant Charo, pia wa Kenya, naye ametajwa. Fadhili alifariki Nairobi mwaka 2001 na ubishi haukuzikwa naye.

Ubishi huu una fedha ndani yake. Kuimba au kurekodi wimbo hakukufanyi mtunzi. Hizo ni haki mbili tofauti, na mrabaha wa utunzi humwendea anayetambuliwa kuwa mtunzi. Wimbo ulioimbwa tu harusini au baa, bila kuandikwa wala kurekodiwa, ni vigumu kuuthibitisha baada ya miaka ishirini. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na COSOTA ndiyo inayosajili kazi. Kwa hiyo wewe mwenye kwaya au bendi kijijini, rekodi wimbo wako hata kwa simu, andika maneno yake na tarehe, uweke mahali salama, kisha ukausajili.

Hewani tunautangaza hivi: "Malaika", Fadhili William na Jambo Boys. Tunataja waliourekodi. Jina la mtunzi tunaliacha.