PCR: kabla ya mashine ilikuwa mikono

Leo tuache kidogo stori za bumu na foleni ya kantini, tuongee historia. Kuna watu hapa chuo wanadhani kipimo cha DNA ni kutumbukiza sampuli kwenye mashine, jibu linatoka, basi. Haikuanza hivyo jamani.

Mwaka 1983 Kary Mullis, mkemia wa kampuni ya Cetus kule California, alibuni PCR, yaani njia ya kurudufu kipande cha DNA. Unakipasha moto nyuzi zake mbili ziachane, unapoza, kimeng'enya kinajenga nakala, unarudia. Kwa hesabu, mizunguko 30 inakifanya kipande kimoja kizidi bilioni. Desemba 1985 wana-Cetus wakachapisha matumizi yake ya kwanza, na ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu: selimundu.

Ila ilikuwa kazi ya punda. Mtu anasimama na saa mkononi, anahamisha vichupa toka maji ya moto kwenda ya uvuguvugu. Tena ule moto unaharibu kimeng'enya, kwa hiyo kila mzunguko lazima aongeze kingine. Wakaunda roboti, wakaiita Mr. Cycle, nayo ikabebeshwa kazi hiyo hiyo.

Ufumbuzi ulitoka kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone. Huko Thomas Brock na Hudson Freeze, mwanafunzi wa shahada ya kwanza kama sisi, walipata bakteria wanaostahimili joto, wakawatangaza mwaka 1969. Kimeng'enya chao hakiharibiki kwa moto ule. Sasa kichupa kinafungwa mara moja tu, mashine inabaki kupasha na kupoza. Mwaka 1987 mashine hizo zikaanza kuuzwa.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu ya TB. Kuotesha vijidudu vyake maabara huchukua wiki kadhaa, na muda wote huo mgonjwa anakohoa nyumbani pamoja na wanawe. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani likapitisha kipimo cha Xpert: makohozi yanaingia kwenye katriji, na ndani ya saa 2 unajua kama ni TB na kama imekuwa sugu kwa rifampisini.

Lakini katriji haiendi kijijini kufuata makohozi. Sampuli ikisubiri gari siku tatu, zile saa 2 zimemsaidia nani? Hapo bado tunahitaji mikono.

Mnaosoma maabara, mnasemaje?