Dinosaria wa McCay na mstari unaotetemeka

Februari 1914, katika ukumbi wa Palace mjini Chicago, Winsor McCay alipanda jukwaani na mjeledi mkononi, akaanza kumwamrisha mnyama aliyeonekana kwenye pazia la sinema. Gertie, dinosaria jike, akachungulia kutoka pangoni, akainama, akainua mguu alipoambiwa. Alipokaripiwa alilia. Mwisho McCay alijificha nyuma ya pazia, na papo hapo McCay wa kuchorwa akatokea ndani ya picha, akabebwa na mnyama wake.

McCay alikuwa mchora katuni wa magazeti ya New York. Filamu hii aliichora mwenyewe, akisaidiwa na kijana mmoja tu, John Fitzsimmons, aliyenakili miamba, miti na ziwa. Alinakili mandhari hiyohiyo kwenye kila karatasi, maelfu ya karatasi, kwa kuwa hapakuwa na njia ya mkato. Na mkono wa binadamu hauwezi kupitisha kalamu mahali palepale mara mbili. Ndiyo maana miamba ya Gertie inatetemeka kidogo, kama barabara ya lami wakati wa jua kali. Wapo wanaoihesabu hiyo kuwa kasoro. Kwangu mimi, filamu nzima inapata uhai hapo.

Lakini McCay hakutegemea bahati ya kalamu. Alipima kwa saa muda anaotumia yeye mwenyewe kuvuta na kutoa pumzi, kisha akampa Gertie mwendo huo. Ardhi inabonyea chini ya miguu yake. Anapomshika mamothi mkia na kumvurumisha ziwani, tunaamini kwamba mamothi ni mzito, ingawa tunajua fika kwamba ni wino tu.

Mwishoni mwa mwaka huohuo Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora wahusika kwenye seluloidi inayopitisha mwanga. Mandhari ikachorwa mara moja, ikawekwa chini, basi. Kazi ilienda haraka, studio zikakua, miamba ikatulia. McCay naye aliitumia seluloidi alipochora kuzama kwa meli ya Lusitania, filamu ya mwaka 1918 kuhusu tukio ambalo hakuna kamera iliyolinasa.

Mtetemo ulirudi kwa hiari ya wachoraji wachache. Anayenivutia kuliko wote ni Frédéric Back wa Montréal, Kanada. Alichora kwa penseli za rangi juu ya seluloidi iliyokwaruzwa ili ishike rangi. Katika filamu yake kuhusu mchungaji anayepanda miti, ya mwaka 1987, upepo hauna umbo lake: unauona kwa jinsi mistari ya nguo, majani na vilima inavyosogea pamoja, hadi hujui kilima kimeishia wapi na kondoo wameanzia wapi. Dakika 30 hizo zilimchukua miaka kadhaa, akifanya kazi na jicho moja, kwani la pili lilikwisha kuharibiwa na dawa ya kupulizia michoro. Mwaka 1988 zilimpatia Oscar yake ya pili.